Mzee wa Vikopo

Ukimpa kikopo, hakukitazama kwanza. Alikishika. Alikizungushia kiganja chote kama mtu anayepokea kikombe cha uji asubuhi ya baridi, akatulia, akaangalia pembeni. Kisha alikipokea au alikurudishia. Akikurudishia alisema neno moja tu: "Baridi." Hapo hata ungeapa kwa kaburi la mama yako, ulikuwa umeshashindwa. Ulirudi chooni.

Sisi wa machimbo tulimwita Mzee wa Vikopo. Alikuwa mpimaji wa zahanati ndogo ya mtu binafsi iliyokuwa barabarani, pale vibanda vya machimbo yetu vinapoishia, upande wa Geita. Wengine walimwita daktari, kama watu wanavyomwita daktari kila aliyevaa koti jeupe, naye hakupenda. "Daktari anatibu," alisema. "Mimi naangalia." Damu na mkojo alipima pia, lakini kwa haraka haraka, kama mtu anayemaliza kazi za jirani. Kazi aliyoiona ni yake ilikuwa choo kikubwa. "Choo hakina aibu," alituambia.

Alikuwa mtu wa kushuku, na hakulificha hilo. "Mimi simwamini mtu," alisema. "Naamini kilicho cha moto." Alinieleza sababu siku moja nikiwa nasubiri kwenye benchi. Amiba wa kuharisha damu akiwa ametoka sasa hivi anatembea, unamwona chini ya darubini anajivuta kama tone la uji kwenye sahani iliyoinamishwa. Akipoa anasimama. Akisimama, unaweza kumpita ukadhani ni uchafu tu. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili ilikuwa sisi.

"Cha moto ni cha huyu aliyeko hapa," alisema akinionyesha kwa kidole. "Cha baridi kinaweza kuwa cha yeyote, kuanzia hapa hadi Kahama."

Na kweli hatukuwa watu wa kuaminika. Anayepika chakula cha kuuza machimboni hutakiwa apimwe choo, apewe karatasi, bwana afya akipita aione. Mama ntilie wengi walikiogopa kikopo kuliko walivyomwogopa bwana afya. Sasa jirani yangu Mama Pendo alikuwa na binti mdogo, huyo Pendo, ambaye aliwahi kupimwa akaonekana hana kitu. Tangu hapo tumbo la Pendo likawa mali ya mtaa. Aliyetaka karatasi alipita asubuhi kwa Mama Pendo na kikopo kitupu, akatoka nacho kimejaa, na Mama Pendo akapelekewa kipande cha sabuni au kisado cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuna aliyeona vibaya. Ilikuwa kama kuomba moto.

Siku moja karibu safu yetu yote ya mama ntilie ilikwenda zahanati pamoja, na Mama Pendo mwenyewe akiwemo, kwa sababu karatasi yake ilikuwa imekwisha muda. Walikuwa wamekimbia njia nzima ili vikopo visipoe. Mzee alivishika kimoja kimoja, vyote vina joto, akavipokea. Wakakaa kwenye benchi wakichekana kwa macho. Baada ya muda alitoka, akasimama mlangoni.

"Jana mlikula nini?"

"Ugali," alisema mmoja.

"Wali," alisema mwingine.

"Mimi sikula, nilikuwa nafunga."

"Aliyekuwa anafunga ana mahindi ya kuchemsha," alisema Mzee. "Na wa wali ana mahindi. Wote mna mahindi, na wote mna mayai ya safura, sawasawa. Mna tumbo moja?"

Kisha Mama Pendo akainuka, mikono kichwani. "Mayu wane, mama yangu! Pendo wangu ana safura?"

Mzee hakucheka. Alimwandikia Pendo dawa ya minyoo, akaingia ndani, akatoka na vikopo vipya, akawagawia mmoja mmoja kama mtu anayegawa sahani. Choo cha zahanati kilikuwa kimoja. Walipanga foleni hadi jua likawa utosini, naye alisimama mlangoni na koti lake akihakikisha hakuna anayempa mwenzake.

Mimi siku hiyo sikuwemo. Niliambiwa na Mama Pendo mwenyewe, akilia na kucheka.

Lakini kushuku hakukuwa kwa upande mmoja. Yeye alishuku tulichomletea, na sisi tulishuku alichokifanya nacho. Machimboni duara, yaani shimo la kuchimbia, lisipotema dhahabu watu hawasemi mwamba hauna kitu. Wanatafuta nani amelifunga na nani wa kulifungua. Ilisemwa kwamba wako waganga wanaotaka kitu kilichotoka ndani ya mwili wa mtu, kwamba nyota ya mtu huenda na kile kitu, na kwamba mwenye duara mwenye fedha angeweza kununua nyota za watu bila wenyewe kujua. Na nani alikuwa anakusanya vitu vya watu kila siku, vimeandikwa majina?

Kwa hiyo wachimbaji wakishapewa majibu hawakuondoka. Walinyoosha mkono.

"Mzee, chenji yangu."

"Chenji gani?"

"Si umetumia kidogo tu? Kilichobaki nirudishie."

Wengine walisema kwa utani, wengine hawakuwa na utani hata kidogo. Alikuwa akiwapeleka nyuma ya zahanati, kwenye shimo lenye mfuniko, anamwaga dawa, anatia, anachoma kikopo mbele yao. "Umeona chenji yako?" Kuna mchimbaji mmoja kutoka Singida aliyekataa hata hilo. Alifungiwa chake kwenye gazeti, akaondoka nacho kwapani.

Nami nilikuwa nasubiri chenji. Siwezi kusema nilikuwa na akili kuliko wengine. Tena nilikuwa na sababu. Mchana mmoja nilikuwa nikipita nyuma ya zahanati na ndoo ya maji, nikamwona mwenye duara mmoja, tajiri aliyekuwa amelia muda mrefu kwamba shimo lake limefungwa, akitoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia kwenye gari. Haukupita muda duara lake likatema, mawe yake yakapelekwa karasha kusagwa usiku na mchana, na machimbo yote yakajua.

Nilimwuliza Mzee. Mimi ni mtu wa kuuliza.

"Alichukua chake," alisema.

"Mfuko wote ule?"

"Ana tumbo kubwa."

Alisema hivyo uso mkavu, akaendelea kusugua vioo vyake vya kupimia. Sikujua kama ni mzaha. Hadi leo sijui.

Kula kwake kulizidisha maneno. Hakula kwa mtu. Machimbo yetu yalikuwa na vibanda vya chakula vingi kuliko makanisa na misikiti ukijumlisha pamoja, lakini yeye alikula vyenye ganda tu: mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, machungwa, muhogo mbichi anaoumenya mwenyewe. Maji alikuja nayo kutoka kwake kwenye chupa. Ukimkaribisha chai alisema amefunga, na alikuwa Mkristo. Mchimbaji mmoja mtani alimwambia, "Mzee, ukioa mke itabidi awe na ganda." Alimjibu, "Nilishaoa. Tatizo alikuwa anamenyeka." Hapo ndipo pekee nilipojua kwamba aliwahi kuwa na mke.

Na bado mtu huyo, aliyeosha ndizi kabla ya kuimenya, kila likizo alikwenda Chato kwa dada yake na kuingia ziwani. Si kuoga tu. Alisimama ndani ya maji hadi kiunoni, kwenye majani, akivua na vijana wa kwao, miguu mitupu. Yeye ndiye aliyetuambia kichocho kinaingia kupitia ngozi, huoni wala huhisi. Nilimkumbusha.

"Yale ni maji ya kwetu," alisema.

"Kichocho kinawajua wenyeji?"

"Mkubwa," akasema, "nenda ukapike."

Aliniita Mkubwa kwa sababu wadogo zangu waliniita Dada Mkubwa. Sisi tulizaliwa Samuye, upande wa Shinyanga, na wazazi walipotutoka mmoja baada ya mwingine niliacha shule, nikaja na wadogo zangu watatu machimboni, ambako mtu asiye na shamba anaweza kuuza ugali. Masanja ndiye aliyenifuata. Aliosha sahani na kuchota maji. Wasichana wawili walikuwa bado shule ya msingi. Kibanda kile ndicho kilichotufanya tubaki nyumba moja. Baba yetu mdogo hakuwa ameridhika. Alikuwa ameshagawa: Masanja aende kwake kuchunga ng'ombe, msichana mmoja aende Nyahanga, kule Kahama, kufanya kazi za ndani kwa mtu anayemjua, mdogo abaki na shangazi. Mimi niolewe. Nilimwambia kibanda kikinishinda, atakuja kuwachukua. Akasema sawa, atasubiri kinishinde.

Halafu wachimbaji wa duara moja wakaanza kuharisha damu, karibu wote kwa wakati mmoja. Na wote walikuwa wakila kwangu.

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Waliacha kuja. Walipita mbele ya kibanda wakisalimia vizuri, wakaenda kula kibanda cha pili. Viongozi wa machimbo wakaniambia nifunge hadi nilete karatasi mpya kutoka kwa Mzee wa Vikopo. Habari ikafika Samuye mbio kuliko simu. Baba mdogo akaja, akakaa kwenye kigoda nje ya chumba chetu, na begi tupu la kubebea nguo za watoto.

"Mwangaluka," nilimsalimia.

"Mwangaluka mayu. Nasikia umelisha watu sumu."

"Bado hawajapima, baba."

"Basi nasubiri wapime."

Mama Pendo alikuja kwa uani, akaninong'oneza. "Mwanangu alishameza dawa ya minyoo, siku hizi hana kitu, safi kabisa. Lete kikopo. Kimbia nacho, utafika cha moto." Alikuwa ananipenda, ndiyo maana alisema. Nilikataa, na si kwa sababu mimi ni malaika. Kama chakula changu ndicho kilichokuwa kinaumiza watu, wadogo zangu ndio waliokuwa wa kwanza kukila. Nilitaka kujua.

Nikaenda, nikapeleka changu. Mzee akakishika, akakipokea. Alikaa ndani muda mrefu hata nikaanza kufikiri mabaya, kwamba anatafuta asichokiona, kwamba yule mama wa kibanda cha pili amemfikia. Akatoka.

"Wewe huna kitu."

Nikanyoosha mkono nipokee karatasi. Hakunipa.

"Nani anaosha sahani?"

"Masanja."

"Maji?"

"Masanja."

"Mlete. Na chake akitolee hapa hapa."

"Mzee, walichotaka ni changu. Mimi ndiye mpishi."

"Wao ndio wametaka hicho. Mimi nataka cha Masanja."

Masanja alikuja, mzima wa afya, anacheka, mashavu yamejaa. Alikuwa ndiye mwenye nguvu kwetu wote. Akapimwa. Mzee aliniita ndani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akaniambia nitazame kwenye darubini. Niliona viduara vidogo vya njano, vimetulia, vina vidoadoa ndani. Kama si yeye ningesema ni vitu vizuri.

"Haumwi," nilisema.

"Si lazima aumwe. Anabeba. Anawapa wengine, yeye anacheka."

Masanja alitakiwa ameze vidonge hadi viishe, asiguse sahani wala maji, kisha arudi kupimwa tena. Karatasi yangu? Ningeipata Masanja akiwa safi. Nilimweleza kwamba baba mdogo amekaa nyumbani na begi. Nilimweleza kila kitu, na mimi sina tabia ya kueleza watu mambo yetu. Alisikiliza huku akifuta kioo.

"Kama nia yako ni karatasi," alisema, "kuna watu wanaziandika. Sitakuuliza ulikoitoa."

Nikaondoka na hasira. Nilijiambia huyu anataka kitu kidogo. Kesho yake nikakaanga kuku, kuku mzima, nikamfunika vizuri kwa kitambaa kisafi, nikampelekea. Alikitazama kitambaa, akanitazama mikono.

"Unanihonga kwa mikono ya nyumba ambayo bado naipima?"

Kuku huyo tulimla wenyewe, na baba mdogo akala paja. Alimsifu sana.

Siku zilikuwa ndefu. Kibanda kimefungwa, akiba inakwisha, baba mdogo haondoki. Kila asubuhi alimwuliza Masanja kama yuko tayari kwa ng'ombe. Nilichemsha maji hadi kuni zikaisha, nikasugua masufuria yaliyokuwa meupe tayari. Nilianza kumshuku Mzee kwa namna mpya: labda amepatana na baba mdogo. Nilifikia hapo. Mtu akikaa bila kazi hufikia popote.

Vidonge vilipoisha nikampeleka Masanja. Mzee hakuridhika na kipimo kimoja, akataka arudi tena, na tena. Baada ya hapo akaandika karatasi, akaigonga muhuri, akatoka nayo hadi kwenye benchi walikokaa wachimbaji wakisubiri chenji zao. Akasema kwa sauti, yeye ambaye hakupaza sauti:

"Huyu na nyumba yake nimewapima hadi nimechoka. Hakuna mama ntilie mnayekula kwake aliyepimwa kama huyu. Mkiharisha tena, tafuteni kwingine."

Wakarudi. Si siku hiyo, wala si wote. Baba mdogo alikunja begi lake, akaliweka kwapani, akapanda basi la Shinyanga bila kuaga vizuri. Wadogo zangu walibaki.

Wala usidhani Mzee alianza kula kwangu. Alipita, akasalimia, akanunua yai la kuchemsha, akalimenya mwenyewe.

Zahanati ile ilifungwa baadaye, wachimbaji wakahamia kwenye rashi nyingine, machimbo mapya yaliyolipuka, nasi tukawafuata. Sikumwona Mzee miaka mingi. Masanja ameoa, ana kibanda chake. Wasichana wamekua. Mimi siku hizi huwa nakwenda Chato kununua dagaa, na safari moja, nikiwa nashuka kuelekea mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, nikasikia mtu ananiita kutoka kwenye ua wa nyumba.

"Mkubwa!"

Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa, lakini tumbo limejaa na kuvimba kama la mtu mwingine. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari. Aliuliza habari za Masanja kabla ya zangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikopo kwenye mfuko mweusi wa plastiki.

"Unapita hospitali ukienda stendi?"

"Napita."

"Nipelekee maabara. Mimi pale vijana wananijua."

"Si ulisema choo hakina aibu, Mzee?"

"Nilisema cha watu wengine."

Nikaupokea mfuko. Sikuwaza, mkono wangu ulienda wenyewe. Nilikizungushia kikopo kiganja chote, nikatulia, nikaangalia pembeni. Ndani ya nyumba mtoto wa mjukuu wa dada yake alikuwa akichezea sufuria, mtoto mwenye afya, anacheka.

"Baridi," nilisema.

Akavuta shati lifunike tumbo.

"Hiki ni chako, Mzee?"

"Nani amekuambia si changu?"

"Hakuna. Nauliza tu kama ulivyokuwa ukituuliza."

Alitazama chini, kule ziwani. Maji yalikuwa yametulia, vijana wamesimama kwenye majani hadi kiunoni. "Nikijua itanisaidia nini?" alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nimeshaona matumbo ya namna hii."

"Kwa macho tu? Bila kuangalia?"

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwaga chooni kile kilichokuwemo, nikakisuuza kikopo, nikakirudisha, nikamwekea mkononi. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa.

"Basi lako litakuacha," alisema.

"Siku ile baba mdogo alikuwa amekaa nyumbani na begi, na hukuharakisha. Nenda, Mzee. Nasubiri."

Basi liliniacha kweli, nilisikia honi yake likipanda barabara ya Geita. Dada yake aliniletea machungwa, nikamenya. Mzee alikaa huko ndani ya choo muda mrefu. Alipotoka alikuwa anashikilia ukuta, na kikopo mkononi, kimefunikwa. Akanipa. Nilikishika, nikatulia.

Kilikuwa cha moto.

Niliinuka niwahi kabla hakijapoa. Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita tena, sauti imekauka.

"Mkubwa! Chenji yangu urudi nayo."

Niligeuka nione kama anacheka. Hakuwa anacheka.